Risasi za Ijumaa

Jua la Minnesota halina adabu. Kule Nyamira alikozaliwa Jairus Ombati, jua huzama saa kumi na mbili na nusu jioni, Januari kama Julai, na kila Msabato anajua ana Ijumaa nzima ya kufua, kupika na kupasua kuni kabla Sabato haijabisha hodi. Huku Brooklyn Park, jua la Juni hukesha kama mlevi hadi saa tatu usiku, kisha la Desemba huaga saa kumi na nusu, hata chai ya mchana haijashuka tumboni. Wakisii waliohamia huku walilalamika, wakacheka, wakazoea. Jairus peke yake hakuzoea, na Ijumaa za Desemba zilimkuta kila mara na kazi mkononi.

Kazi aliyokuwa nayo Ijumaa ile ya mwaka 1997 haikuwa ya kufua wala kuni. Alikuwa gerejini, amevaa koti na glavu zilizokatwa vidole, anajaza risasi.

Msimfikirie vibaya. Jairus hakuwa jambazi. Alikuwa mlinzi katika ghala moja la dawa, mlinzi wa kubeba bastola, na kazi hiyo ilimtaka afanye mazoezi ya shabaha. Nyumbani alikuwa mwalimu wa kemia, mtu wa kuitwa mwalimu hata sokoni. Huku vyeti vyake vilikaa chini ya godoro, naye alisimama mlangoni akifungulia malori. Basi alipogundua kwamba mzee mmoja wa zamu yake, Mzungu aitwaye Halvorson, hujaza risasi zake mwenyewe nyumbani, moyo wa mwalimu uliruka. Kupima unga wa baruti kwenye mizani, kushindilia, kuchunguza: hiyo ilikuwa maabara! Ganda la risasi halifi kwa mlio mmoja. Unalichomoa fataki iliyoungua, ile ya kitakoni inayowasha baruti, unaliwekea mpya, unalimiminia baruti kipimo chake, unalifunga kwa kichwa kipya, na hapo liko tayari kulia tena.

Halvorson alimfundisha pole pole, na maneno aliyorudia mpaka yakachosha yalikuwa yale yale. Ukisimama katikati ya kazi, hata kwa simu, mwaga baruti yote uanze upya. Chungulia kila ganda kwa tochi kabla hujalifunga. Ukipiga na mlio ukatoka mdogo kuliko kawaida, usipige tena, kwa maana risasi imekwama ndani ya mtutu na inayofuata itaipasua bastola. Na risasi ulizojaza wewe, piga wewe, usimpe mtu mwingine. Jairus aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amewaambia wanafunzi maneno ya namna hiyo miaka kumi, na mtu aliyezoea kutoa onyo hulisikia la mwenzake kwa sikio moja.

Maganda alikuwa ameyapanga kwenye kibao chenye matundu, safu kwa safu, kama mayai kwenye trei. Alikuwa anamimina baruti katika safu ya tatu mlango wa jikoni ulipofunguliwa.

"Baba Stacy! Jua linaingia!"

"Nakuja!"

"Nakuja, nakuja, tangu saa tisa unakuja! Wageni wako kwa mlango, na wewe uko na hicho chuma chako."

Huyo ni Peris, mkewe, muuguzi katika nyumba ya wazee, mwanamke ambaye hakuwahi kukiita kitu kile bastola. Wasabato wa mtaa ule walikuwa na desturi ya kufungua Sabato pamoja, nyumba hii wiki hii, nyumba ile wiki ijayo, na zamu ilikuwa ya Jairus. Aliweka chini kipimo cha baruti. Akafikiria kuweka alama pale alipofikia, hata njiti ya kiberiti tu, akaona si lazima. Nitakumbuka, alijiambia. Akazima taa.

Ndani waliimba, wakasoma zaburi, na Jairus kama mwenye nyumba akaomba. Kisha wote wakasimama wakapeana mikono, kila mtu na kila mtu, "Sabato njema, Sabato njema," maana kwa watu hawa Sabato haijafunguka mpaka mikono imeshikana. Wa mwisho kumfikia Jairus alikuwa Timothy, kitindamimba wa kina Peris, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Minneapolis. Jairus ndiye aliyemtafutia chuo, akampokea uwanja wa ndege, akamvisha koti lake la kwanza la baridi. Timothy alinyoosha mkono wa kulia, wa kushoto akaushikisha kwenye kiwiko, akainama kidogo, kama inavyompasa kijana mbele ya shemeji aliyemzidi umri.

"Sabato njema, shem."

"Sabato njema. Mikono laini hii! Umezaliwa kuchoma watu sindano."

"Shem, Jumapili bado tunaenda?"

"Tunaenda. Umeshapata mwalimu, wasiwasi wa nini?"

Timothy alikuwa ameomba kazi ya ulinzi ya wikendi, na kulikuwa na mtihani wa shabaha mbele yake. Hajawahi kushika bunduki maishani. Aliyemwambia kwamba kazi ile ni rahisi, na kwamba atamfundisha mwenyewe, alikuwa Jairus.

Jumamosi ilipita kanisani. Mhubiri alihubiri, Jairus akawaza trei. Aliiona kichwani, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kadiri alivyoiona ndivyo safu ya tatu ilivyozidi kujaa. Jua lilipozama, Peris alipofunga Sabato kwa wimbo, Jairus alikuwa wa kwanza kuinuka.

Gerejini kulikuwa na balbu moja. Maganda ya bastola ni membamba, na baruti hukaa chini kabisa, kidogo, nyeusi gizani. Aliinama akachungulia, akaona weusi kila mahali. Tochi ilikuwa ndani ya gari, na gari lilikuwa nje kwenye barafu. Kuyamwaga yote na kuanza upya ilikuwa kazi ya muda mfupi tu, si ya kumtoa mtu jasho. Alijua. Hili lieleweke vizuri kabla hatujafika mbele, kwamba alijua kabisa linalopasa, kama anavyojua jina lake. Lakini aliona uvivu, na juu ya uvivu akaona kiburi: mwalimu wa kemia mzima ashindwe kukumbuka alipofikia? Akaanza na safu ya nne. Alipomaliza akayafunga yote, akayafuta, yakang'aa. Ganda likishafungwa, lenye baruti na lisilo na baruti yanafanana kama mayai, na viza hulijui mpaka umelipasua. Akayapanga katika boksi tupu la dukani, lenye jina la kiwanda juu yake, kwa sababu lilikuwa hapo karibu.

Tuseme ukweli wote: halikuwa hapo karibu tu. Ukumbi wa shabaha alioupenda ulikuwa na tangazo ukutani kwamba risasi za kujaza nyumbani haziruhusiwi.

Jumapili Timothy alifika na viatu vilivyopigwa rangi kana kwamba anakwenda harusini. Ukumbini, mbele ya kaunta, alitoa pochi anunue boksi lake la risasi. Jairus alichukia kweli.

"Weka hiyo. Wewe ukija kwangu hubeba ugali wako?"

"Hapana, shem."

"Basi. Ziko hapa."

Walivaa miwani na vikinga masikio. Jairus alimpanga miguu, akamnyoosha mabega, akasimama nyuma yake kidogo, na Timothy akaanza kupiga. Alikuwa na utulivu wa kuzaliwa nao. Risasi za kwanza ziliipata karatasi vizuri, hata Mzungu wa kibanda cha pili akachungulia na kutikisa kichwa kwa kukubali. Jairus alivimba kifua. Ndugu ya mke wangu huyo, na hizo ni risasi zangu.

Kisha ikatoka moja ambayo haikulia. Ilisema puf, kama kizibo cha chupa, na sehemu ya juu ya bastola, ile inayorudi nyuma kila baada ya mlio, haikurudi.

Timothy hakusogeza kidole. Bastola ameielekeza mbele, sauti imeshuka.

"Shem, hii imelia different. Na haijarudi."

Mzungu wa kibanda cha pili alikuwa ameacha kupiga, anaangalia. Na Jairus akajua. Sauti ya Halvorson ilimpita sikioni yote, neno kwa neno. Lakini kusimama hapo kulikuwa na maana ya kufungua boksi mbele ya watu, na kueleza kwa nini ndani ya boksi la kiwanda mna risasi za gerejini, na kumwambia kijana aliyemkatalia kununua kwamba chakula alichompa kina sumu. Mdomo ukatangulia.

"Umelegeza mkono, ndiyo maana. Hii si sindano, bwana. Leta."

Akaichukua bastola, akaivuta sehemu ya juu kwa mkono wake mwenyewe. Ganda tupu likaruka, risasi mpya ikaingia. Akamrudishia.

"Piga."

Timothy alimtazama. Ilikuwa mara moja tu, na si kwa hasira, ni kwa namna mtu anavyomtazama mwenziwe amuulize bila kusema: una hakika? Jairus alitikisa kichwa kuelekea karatasi.

"Sawa, shem," alisema Timothy, akapiga.

Mlio ulikuwa mwingine kabisa. Bastola ilipasuka mikononi mwake, na kipande cha chuma kikagonga dari. Timothy alirudi nyuma hatua moja, akaketi sakafuni taratibu kama mtu aliyechoka, akaangalia mkono wake wa kulia, akasema, "Shem, kidole." Miwani ilikuwa imeokoa macho. Kidole cha shahada hakikuwapo tena kutoka fundo la pili, na kidole gumba kilining'inia bila nguvu, damu inachuruzika hadi kwenye viatu vile vilivyopigwa rangi.

Sasa sikilizeni jambo alilolifanya Jairus, maana ndilo lililomla baadaye kuliko yote. Kabla hajaushika mkono wa shemeji yake, alishika boksi. Alilichukua juu ya meza akalisukuma ndani ya mfuko wa koti. Hapo ndipo alipofungua skafu yake, akapiga magoti, akaanza kufunga.

Mtu wa ukumbi alikuja mbio, akawaita watu wa ambulansi, kisha akaiokota ile bastola iliyochanika na kuitazama. Akauliza kama risasi zilikuwa za kiwandani.

"Yes, sir," alisema Jairus. "From the store."

Hospitalini Peris alifika na sare yake ya kazi, kofia ya sufu imepinda kichwani. Daktari alikuwa ameshasema yake: kidole hakirudi, kano za gumba zimeshonwa, mkono utashika kijiko siku moja, lakini kazi ndogo ndogo za vidole, tusubiri tuone. Peris alisikiliza kama muuguzi. Kisha akawageukia wanaume wawili kama dada na mke.

"Nini kimefanyika?"

Jairus alifungua mdomo. Naamini, na yeye mwenyewe aliamini, kwamba alikuwa anataka kusema. Lakini kutoka kitandani sauti ikamwahi, nzito kwa dawa.

"Ni mimi, dada. Ilikwama. Shem aliniambia nisimame, mimi nikapiga."

Peris alishika paji la uso. "Timothy! Kwani wewe ni mtoto?"

"Pole, dada."

Jairus aliufunga mdomo wake. Wakati Peris ametoka kwenda kupiga simu, alisogea karibu na kitanda, hata hakujua aweke wapi mikono yake.

"Kwa nini umesema vile?"

Timothy alikuwa amefumba macho. "Shem, dada anaishi na wewe. Mimi naishi hosteli."

Aibu iliyomshika Jairus pale haikuwa ile ya kumfanya mtu aseme. Ilikuwa ile ya kumfanya anyamaze, kwa kuwa amekwisha pewa mahali pa kujificha, na aliyempa ni yule aliyemkata.

Siku zilizofuata alikwenda kazini, akarudi, akala alichowekewa. Siku moja aliporudi aliingia gerejini na lile boksi, akachukua nyundo ya kuchomolea vichwa, akaanza kuzifungua risasi zilizobaki. Zilizo nyingi zilimwaga baruti mezani. Lakini nyingine zilikuwa kavu, hazina hata chembe, na alipozihesabu pamoja na ile iliyokwama ukumbini zikalingana sawasawa na nusu ya safu ambayo kumbukumbu yake kanisani ilikuwa imeijaza. Alikaa pale mpaka baridi ikampanda miguuni. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, walisema wahenga, na yeye alikuwa mwosha wa aibu yake mwenyewe.

Hata hivyo hakusema. Alijiambia mkono wa Timothy hautarudi kwa maneno. Alijiambia kijana ameshasamehewa na kila mtu, jambo litasahaulika. Mtu akitafuta sababu ya kunyamaza hakosi, zimejaa kama mchanga.

Kisha ikaja simu kutoka Keroka. Mzee Onchiri, baba yao Peris, alikuwa amepanga foleni kwenye kibanda cha simu, na sauti yake ilikuja juu kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya mto.

"Jairus! Mwanangu!"

"Ndiyo, tata," alijibu Jairus, kama Wakisii wanavyomwita baba.

"Peris ameniambia yote. Asante. Ulimkataza, hakusikia. Mungu akubariki kwa kumtunza mwanangu mjinga."

Jairus aliushika waya wa simu akauzungusha kidoleni, kidole cha shahada, kizima.

"Tata..."

"Nilimtuma kusoma, sikumtuma kucheza na bunduki! Arudi nyumbani. Nimeshamwambia Solomon, yeye ndiye mkubwa wenu huko. Mwaka mpya umkute hapa, alime na wenzake. Unasikia?"

"Nasikia, tata."

"Asante, mwanangu. Asante sana." Na simu ikakatika.

Hapo mambo yalibadilika. Walimu wa Timothy walikuwa wamemwambia apone kwanza, nafasi yake ipo, na kuna kazi za uuguzi zisizohitaji kidole kile. Kilichokuwa kinamfukuza Minnesota si mkono. Ni uongo aliousema yeye mwenyewe kuisitiri nyumba ya dada yake, na mtu mmoja tu angeweza kuuondoa.

Ijumaa ikarudi. Zamu haikuwa ya Jairus, lakini watu walikuja kwake wote, maana Timothy alikuwa ametoka hospitalini na kulazwa pale. Kina mama walikuja na sufuria zilizofungwa kwa taulo, viatu vikajaa mlangoni, madirisha yakapata ukungu. Timothy alikaa karibu na kipasha joto, mkono wake wa kulia umefungwa bandeji nyeupe hadi kiwiko, amewekewa mto chini yake. Jairus alikaa kona ya mbali kabisa, nyumbani kwake mwenyewe, kama mgeni aliyekosea mlango.

Jua lilikuwa limeshuka usawa wa paa za majirani wakati Mzee Solomon aliposimama. Alikuwa mtu mwema, Solomon, mzee wa kanisa, mpole, na upole wake ndio uliofanya maneno yake yaingie ndani zaidi.

"Timothy, kijana wetu," alisema, "hatukuja kukulaumu. Lakini wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uliambiwa simama, ukapiga. Sasa baba yako amenipigia simu, anasema urudi nyumbani, na sisi wazee tumeona tusipingane na mzazi. Tiketi tutakata wiki ijayo. Unakubali?"

Asiyesikia la mkuu! Jairus alihisi uso unawaka hadi kwenye mizizi ya nywele. Kijana alikuwa amelisikia la mkuu. Alilisikia vizuri sana, akalitii, na ndiyo maana amevunjika.

Timothy alitazama bandeji yake.

"Sawa, mzee," alisema.

Ilikuwa sawa ile ile. Sauti ile ile, utulivu ule ule, kama alivyoisema pale ukumbini na bastola mkononi. Jairus aliisikia, na kitu kikakatika ndani yake.

"Baba Stacy," alisema Mzee Solomon, "jua linazama. Wewe ndiye mwenye nyumba. Tufungulie Sabato kwa maombi."

Vichwa vyote viliinama. Jairus alisimama, akafumba macho.

"Baba yetu wa mbinguni," alianza, na hapo akakwama. Watu walingoja. Mtu alikohoa. Jairus akafumbua macho akaziona nywele za watu, kanga, upara wa Solomon, na bandeji.

"Naomba mniangalie," alisema. "Siwezi kuomba."

Vichwa viliinuka kimoja kimoja.

"Zile risasi nilizijaza mimi, hapo gerejini. Ijumaa ile mlipokuja, nilikuwa katikati ya kazi, jua likazama mapema kama mnavyojua, Peris akaniita, ikabidi niache..."

Akajisikia. Alimwona Peris ameinua uso, macho yake yamefunguka polepole, yanauliza: kwa hiyo ni mimi? Ni kwa kuwa nilikuita kwenye maombi? Jairus alikuwa ametafuta ujasiri wiki nzima, na alipoupata, sentensi ya kwanza kutoka mdomoni ilikuwa imemtupia mzigo mkewe, na ya pili ingemtupia Mungu. Kama sakafu ingepasuka, angeingia kwa shukrani.

"Hapana," alisema. "Sio jua. Sio Peris. Nilikuwa na nafasi ya kuzimwaga nianze upya. Nilijua inapasa nizimwage, nikaona uvivu. Zingine hazikuwa na baruti, nimezifungua, nimeziona. Nilizitia ndani ya boksi la dukani ili nisikatazwe. Timothy alitaka kununua zake, nikamkataza, nikajifanya nampa chakula."

Sufuria ilikuwa inachemka jikoni, hakuna aliyekwenda kuizima.

"Na ile moja ilipolia vibaya, yeye ndiye aliyesimama. Hakupiga. Mimi ndiye niliyeivuta kwa mkono huu, nikampa, nikamwambia piga. Alinisikia. Shida yake ni kwamba alinisikia. Na damu ikitoka, nilificha boksi kwanza. Ndipo nikamshika yeye. Amewadanganya kwa ajili yangu, na mimi nikamwacha adanganye."

Akaketi. Stacy, binti yao wa miaka sita, aliangalia huku na huku.

"Daddy," alisema, "you didn't say amen."

Peris alimvuta mtoto mapajani bila kumtazama mumewe. Aliweka kidevu juu ya nywele za Stacy. Aliposema, alisema na Mzee Solomon, sio na Jairus.

"Mzee, tiketi isikatwe. Baba atapiga simu Jumatatu." Kisha, macho bado mbali, "Itapokelewa na Baba Stacy. Mimi sitaigusa."

Mzee Solomon alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Labda alikuwa anautafuta ule msemo wake aurudishe ulikotoka. Dirishani jua lilikuwa limekwisha kuzama, theluji imegeuka buluu, na Sabato ilikuwa imeingia bila mtu kuifungulia.

"Timothy," alisema hatimaye, "tuombee wewe."

Timothy aliomba, maneno machache, ya kawaida, asante kwa wiki, asante kwa uhai, wabariki waliomo humu wote. Waliomo humu wote. Jairus aliyasikia, akatamani kijana angemtukana. Tusi angelijibu, au angelivumilia, lakini baraka ile hakuwa na pa kuiweka.

"Amina," walisema.

Wakasimama, wakaanza kupeana mikono, kwanza kwa kusitasita, maana desturi haiulizi mtu moyo wake ukoje. Sabato njema. Sabato njema. Wengine walimpa Jairus mkono na kuutoa upesi. Peris alimpita, akasalimia waliobaki. Jairus alibaki amesimama kwenye kona yake, mkono wa kulia umening'inia, hajui kama ana haki ya kuunyanyua.

Timothy alikuja wa mwisho, kama siku zote. Alisimama mbele ya shemeji yake, macho mekundu. Mkono wa kulia, ule mweupe wa bandeji, uliinuka kidogo kwa mazoea, kisha ukashuka. Akanyoosha wa kushoto. Akasita, maana alilelewa vizuri, na kwao mkubwa hapewi mkono wa kushoto. Akainama kidogo.

"Samahani, shem," alisema. "Leo nakupa huu."